Tundu la Sita

Ukivunja sindano, usiinuke. Hilo nawaambia kila Jumamosi mnapokuja kwangu kujifunza kushona, na kila Jumamosi mnacheka. Usiinuke, usiite mtu, usipanguse meza. Weka mikono mapajani, tafuta kwanza kwa macho. Vipande vikipatikana, vibandike kwenye karatasi, uvipange mpaka upate sindano nzima, kutoka ncha hadi tundu. Kikikosekana kipande cha ukubwa wa punje ya mtama, kazi haisogei.

"Lakini Bibi," mnasema, "sisi tunashona sare za shule tu."

Kweli. Naandika haya ili niwajibu mara moja, maana kwa mdomo sijawahi kulimaliza jibu hilo. Nikifika katikati aibu hunishika, nawaambia chai imechemka. Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la tano, Buyenzi, kule Bujumbura, na nusu ya haya nimeyatoa kwenye madaftari yangu ya zamani. Nayo, mtaona wenyewe, si mashahidi wa kuaminika sana.

Kwa miaka kumi na mmoja nilishona Midrand, huku kusini mwa Afrika, katika karakana ya kampuni moja kubwa ya ndege na silaha. Nikisema silaha mnanitazama kama niliyeficha kitu. Hata mimi nilijitazama hivyo. Sisi tulikuwa mwisho wa jengo, wanawake watupu na msimamizi mmoja mwanamume, tukishona mikanda ya viti vya helikopta na nyavu za kufungia mizigo. Kulikuwa na mlango wa njano ambao kadi zetu hazikuufungua. Nyuma yake sikuwahi kufika, kwa hiyo sisemi kulikuwa na nini.

Msimamizi aliitwa Kobus, mzungu wa hapa hapa, mwenye masharubu na maneno machache. Siku ya kunijaribu alinipa vipande viwili vya utepe mgumu akaniambia niviunganishe. Nilishona kisanduku, ndani yake nikatia msalaba, kama nilivyokuwa nikishona mikanda ya mikoba ya shule kule Alexandra, kitongoji cha jirani. Alihesabu mishono kwa ncha ya kalamu, kisha akafunga utepe kwenye nguzo akauvuta kwa uzito wake wote. Haukuachia.

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi yako alikuwa mtu mwenye wasiwasi," akasema. "Vizuri. Anza Jumatatu."

Siku moja nilimuuliza ni nani atakayekaa ndani ya mikanda hii. Sikuuliza kwa udadisi tu. Nimekimbia vita, na helikopta naijua kwa mlio kabla sijaijua kwa sura. Kobus alifikiri, akajibu: "Mtu mwenye uzito." Basi. Nikaandika kwenye daftari: *Huenda ni daktari. Huenda ni yule aliyepita juu ya mapaa yetu. Mkanda hauulizi.* Kwa haki niseme pia kwamba mshahara ule ulimsomesha binti yangu Furaha, na sikuwahi kuurudisha.

Sasa makosa. Kosa langu la kwanza lilitokea siku ya pili. Fundi wa kwetu hana mahali pa kuweka sindano isipokuwa kola. Mikono ikijaa, unaichomeka hapo chini ya kidevu bila hata kujua umefanya. Shangazi yangu alitembea na sindano tatu kolani mpaka msikitini. Kobus alisimama mbele yangu, akanyoosha kidole, akachomoa sindano kutoka kwenye gauni langu kama anayemtoa mtu kupe.

"Hii ingeishia wapi?"

"Nyumbani, labda."

"Au ndani ya mkanda. Mkanda ndani ya kiti. Na mtu mwenye uzito juu yake."

Ndipo akanionyesha kibao. Kila mafundi wawili waliokaa pamoja walikuwa na kibao kimoja cha mbao chenye matundu sita, na ndani yake shazia sita. Mnaijua shazia, ile sindano nene ya magunia na ngozi. Zetu zilikuwa fupi, zimepinda kama ukucha wa paka, za kumalizia kwa mkono pale cherehani isipofika. Asubuhi sita, jioni sita. Kibao kisipojaa, hakuna anayetoka, na hakuna mkanda unaotoka.

Mwenzangu wa kibao alikuwa Nomvula, mzaliwa wa Alexandra, mwanamke mnene wa sauti, aliyeweza kutania mpaka Kobus akajifanya anakohoa. Nami niliwahi kukaa Alexandra. Mwaka ule wageni walipofukuzwa mle, mimi na Furaha tulitoka na cherehani na godoro, tukahamia Tembisa. Nomvula hakunifanyia lolote. Wakati ule hata hatukujuana. Lakini aliposema siku ya kwanza, "Kumbe ulikaa kwetu! Mtaa gani?" nilimtajia mtaa wa uongo. Niliandika hilo pia. Lisomeni vizuri, maana mengine yote yametoka hapo.

Mwaka ninaotaka kuwaambia ulianza kwa kuku. Mkubwa wa kundi zima la makampuni alishuka mpaka kwenye bwalo letu na watu wa tai, tukapewa kuku na kinywaji baridi saa nne asubuhi. Akasema mwaka huu kuna maagizo mengi, ndege nyingi, na kwamba sisi ni familia. Nomvula aliniinamia: "Sis Mwajuma, mtu tajiri akikuita ndugu, jua anahesabu vyumba."

Wiki iliyofuata walikuja vijana wenye vishikwambi wakapima sakafu. Kisha wakahesabu vyerehani. Kisha wakasimama nyuma yetu na saa. Kila mtu akaanza kushuku. Wengine walisema karakana itauzwa, wengine itahamishwa, wengine kwamba watabaki wachache, na majina yanaandikwa tayari. Aliyekwenda chooni mara mbili alionekana anapeleka habari. Mimi niliandika yote. Kwa nini niliandika? Kwa sababu sikujiamini. Mtu aliyesoma akishtakiwa huzungumza. Mimi nilitaka niwe na karatasi.

Halafu Nomvula akaanza kuitwa ofisini juu, kila Alhamisi. Alishuka kimya, yeye ambaye hakuwa na kimya. Alhamisi moja karatasi ilimtoka mfukoni, nikaona jina langu, limeandikwa kwa mkono wake, na *j* yake yenye mkia mrefu. Siku hiyo hiyo akaniuliza, "Karatasi zako za ukimbizi zinaisha lini?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu, eish! Mtu hawezi kuuliza?"

Nikaandika: *Ananiandika. Anataka nafasi ibaki kwa wenye nchi.* Kuanzia siku hiyo niliandika kila alichofanya, saa na dakika. Nilikaa karibu naye kuliko dada yake, nikampelekea maandazi, nikamwandika. Sijivuni. Nawaonyesha jinsi fundi anavyoweza kuharibika mkono ukiwa bado mzuri.

Ikaja Julai, ile baridi ya Midrand inayopanda kutoka kwenye saruji. Karakana haikuwa na joto, tulishona na makoti. Langu lilikuwa la sufu, kola nene iliyojazwa pamba, vifungo vya chuma vikubwa kama sarafu. Vifungo hivyo vilikuwa kero langoni, maana kila jioni mlinzi alitupitishia kile kijiti cha kupimia chuma, na kwangu kililia kila jioni. Mlinzi alikuwa Kasongo, Mkongo wa Uvira, kijana mwenye adabu, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu. Siku za kwanza alinipekua. Baadaye alicheka tu. "Ah, Mama Furaha, ni bifungo byako. Pita." Nilifurahi. Katika nchi ya watu, kuna mtu anakwambia pita.

Siku yenyewe umeme ulikatika saa nane mchana, kama ratiba ya mgawo ilivyosema. Karakana haina madirisha. Jenereta hukohoa kama dakika mbili kabla ya kushika, na kwenye dakika hizo mbili tulikaa gizani tukitaniana. Taa zikarudi, tukaendelea. Saa kumi na nusu Kobus akapita akihesabu vibao. Kwetu akasimama.

"Tano," akasema.

Hakuna aliyetoka. Tulipiga magoti. Tulipitisha sumaku ya magurudumu sakafu yote, tukapekua mapipa, tukakunguta nyavu. Mikanda yote ya siku ile ilifungiwa kwenye kizimba cha waya, na kesho yake ikafumuliwa mmoja mmoja, kazi ya mikono yetu wote, uzi wa kijani ukirundikana sakafuni kama nyasi. Shazia haikuonekana. Ndege za mteja zikasubiri. Mtu mwenye tai akashuka kutoka juu, akatuita mmoja mmoja, na zamu yetu akatuita wawili pamoja, mimi na Nomvula, na Kobus amesimama pembeni.

"Nani aliishika mwisho?"

Nomvula akasema hajui, alichukua moja na akairudisha. Mimi nikafungua mkoba nikatoa daftari. Nikasoma: *Saa nane na dakika kumi, N. amechukua shazia.* Nikafunga daftari.

"Na kurudisha?" akauliza mwenye tai.

"Kurudisha sikuandika. Sikuona."

Nilisema kweli tupu, wajukuu zangu. Kila neno kweli. Nomvula alinigeukia taratibu.

"Sis Mwajuma. Na nikienda chooni, unaandika ni haja gani?"

Akasimamishwa kazi siku hiyo, asubiri kikao baada ya wiki tatu. Kikao hicho, kwa mwaka ule walipotaka kupunguza watu, kila mtu alijua kingeishaje. Alikusanya kikombe chake na viatu vya kubadilisha. Mimi nikasukuma kibao chenye shazia tano katikati ya meza, nikashona. Niliandika: *Haki imetendeka.* Kisha, mstari wa chini, kwa kalamu nyingine, kwa hiyo ni siku nyingine: *Kwa nini basi silali?*

Wiki tatu nilipita langoni asubuhi na jioni. Kijiti kililia. "Bifungo byako, Mama Furaha. Pita."

Jumapili ya mwisho kabla ya kikao jua lilitoka kama kosa, nikaona nifue koti. Nililikamua kolani. Kitu kikanidunga kiganja mpaka damu ikatoka. Nilijua kabla sijatazama. Nilichana bitana, na ndani ya pamba ilikuwemo, imejikunja kama inavyojikunja, na uzi wa kijani wa urefu wa kidole bado tunduni. Uzi ule haukuuzwa dukani popote. Ndipo nikaukumbuka ule mchana, dakika mbili za giza, mikono yangu imejaa mkanda, na kidevu changu kikiinuka kidogo kupisha sindano. Mkono wa shangazi. Kwenye daftari, saa nane na dakika kumi, N. amechukua shazia. Saa nane kamili, wakati wa giza, hakuna kitu. Mimi mwenyewe sikuwa kwenye daftari langu. Mwandishi hajioni.

Furaha alikuwa anapiga pasi. Akaiona. Ninyi mnamjua, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Itupe chooni, Ma."

"Na Nomvula?"

"Nomvula ana nchi yake. Wewe una nini?"

Sikumgombeza. Alichosema nilikuwa nimekwisha kukisema mwenyewe moyoni. Wangenifukuza, na bila kazi ile, kwa umri wangu na karatasi zangu, hakuna karakana nyingine. Niliifunga shazia kwenye karatasi kwa utepe, kama sheria inavyosema, nikaandika chini yake tarehe na jina langu.

Jumatatu nilifika langoni mapema. Nilimwambia Kasongo kabla ya yote, maana sikutaka alisikie kutoka ofisini juu. Alikaa kwenye kiti chake.

"Mama Furaha, unaniua. Itupe kwa mufereji ule pale. Nani atajua?"

"Sitakutaja, mwanangu."

"Watakuuliza ilipita wapi."

"Wakiuliza nitasema ilipita kwako."

"Mimi nilikuheshimu! Ningekupekua kama mwizi ungefurahi?"

Hakuinua hata kijiti. Alinifungulia lango huku akitazama upande wa pili.

Kobus alichukua karatasi, akaibandua shazia, akaitia kwenye tundu la sita. Ilikaa. Akaitoa tena akairudisha kwenye karatasi.

"Wiki tatu ilikuwa kwenye koti?"

"Wiki tatu."

"Na ukaja nalo kazini kila siku?"

"Kila siku."

"Basi haijawahi kukosa kazini," akasema. Masharubu hayakutikisika. Kisha akavaa koti lake mwenyewe, tukapanda juu.

Mwenye tai alitaka niondoke siku hiyo hiyo. Kobus, ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, alisema nne. Kwamba mimi nimevunja sheria ya kibao. Kwamba nimemponza mwenzangu. Kwamba nimeirudisha mwenyewe bila kuitwa. Na kwamba ukimfukuza anayeirudisha, atakayefuata ataitupa kwenye mfereji, na wewe utarusha ndege. Mwenye tai alitazama karatasi muda mrefu, pale nilipoandika jina langu. Nikapewa onyo la mwisho la maandishi. Wakauliza shazia ilipita wapi langoni. Nikasema.

Kasongo alihamishiwa lango la mtaa wa matajiri, Midrand hapo hapo. Tukikutana dukani huvuka barabara hata robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimtendea haki, au nilijisafisha kwa maji yake. Wenye akili kuliko mimi mnaweza kuamua.

Nomvula alirudi Jumatano. Alivaa koti, akakaa, akavuta kibao upande wake, akahesabu sita, maana walikuwa wameleta mpya. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha. Yakaniisha nikiwa nimesema "nisamehe" tu.

"Mwanangu aliniuliza nimeiba nini," akasema. "Nikamwambia sindano. Akacheka. Alidhani natania."

"Nomvula..."

"Ngoja. Ulitaka kujua Alhamisi. Si ndiyo? Walinichagua kuwa mwakilishi wa karakana. Wakaniambia, tupangie wenzako kuanzia anayefaa kubaki. Karatasi za ukimbizi waliniuliza wao. Nilikataa wiki mbili, ya tatu nikaandika. Wewe nilikuweka wa pili kutoka mwisho."

Nikahisi kama nimechomwa mara ya pili. "Wa mwisho nani?"

"Kobus."

Nilicheka. Na yeye akacheka, kidogo, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka ana msiba. Kwa hiyo shaka yangu haikuwa uongo mtupu. Aliniandika kweli. Nami nilimwandika. Tofauti ni kwamba yeye alilazimishwa, mimi nilinunua daftari.

Tangu siku hiyo, kila alipochukua shazia alisema kwa sauti ya karakana nzima: "Mwajuma, naichukua. Umeona?" Na akiirudisha: "Mwajuma, naiweka. Umeona?" Lile neno "Sis" aliliondoa mbele ya jina langu. Mimi nikajibu kila mara: "Nimeona." Agosti, Septemba, Oktoba. Wengine walizoea. Mimi sikuzoea, na nadhani hakutaka nizoee. Lakini tangu hapo hakuna shazia iliyopotea karakana ile, hata moja.

Desemba walituambia karakana inafungwa. Kumbe ilikuwa imeamuliwa tangu siku ya kuku. Au huenda haikuwa, sina ushahidi. Baadaye Kobus alinionyesha kitabu cha taarifa ya mwaka cha kundi lile la makampuni, karatasi inayong'aa, ndege jalada zima. Sisi tulikuwemo, sentensi moja, kwamba kazi za ushonaji zimeachwa kwa sababu si shughuli kuu. Nilitafuta shazia. Nilitafuta mikanda iliyofumuliwa. Mwaka wao ulikuwa mzuri. Huenda ulikuwa mzuri kweli; mimi nilikaa upande mmoja tu wa mlango.

Siku ya mwisho Kobus alitugawia vibao, kimoja kwa mafundi wawili, bila shazia zake. Mimi na Nomvula tukatazamana.

"Chukua wewe," akasema. "Wewe ndiwe mwenye kupoteza."

Nikakichukua. Ndicho hicho kilicho mezani kwangu, mnachokilalamikia kila Jumamosi jioni mnapotaka kukimbilia nyumbani nami nasema ngojeni tuhesabu. Nimetia sindano tano. Tundu la sita naliacha wazi, na mkiniuliza kwa nini ndipo chai yangu huchemka. Sasa mmejua.

Halafu napita nikipapasa kola zenu mmoja mmoja, mnajikunja mkicheka kama mnaotekenywa, "Bibi, hatuna kitu!" Nawaamini. Ila mtazameni mkono wangu vizuri wiki ijayo, kabla haujafika kwenu. Huanza na kola yangu.